Jibu la Habari za Kazi

Kuna salamu moja ambayo kwa miaka mingi ilimtesa kaka yangu. Si salaam alaikum. Hiyo huijibu vizuri, kwa sauti na kwa ukamilifu, wala hamruki mtu. Ni ile inayokuja baadaye, watu wakishapeana mikono na kuulizana wa nyumbani, mtu akiwa tayari anaondoka: "Na habari za kazi?"

Wengi wetu tukiulizwa hivyo husema nzuri. Mimi husema nzuri hata siku ambayo nimekaa dukani tangu asubuhi bila mteja, nimeuma kucha mpaka zinauma. Hakuna anayengoja taarifa. Lakini kaka yangu akiulizwa jambo hujibu alichoulizwa. Alikuwa akisimama katikati ya njia, anamtazama mwulizaji usoni, anasema, "Sina kazi. Natafuta." Na mwulizaji, ambaye mguu mmoja ulikuwa umeshaondoka, hakujua aendelee au arudi.

Wengine waliigeuza salamu hiyo mchezo. Kuna mwenye punda mmoja, rika la kaka yangu, walisoma pamoja chuo cha Kurani. Kazi yake ni kupakia mchanga na saruji kutoka gatini na kuvipeleka kwenye nyumba zinazojengwa. Kila akitupita alipaza sauti:

"Meneja! Habari za kazi?"

"Sina kazi. Natafuta."

"Ukiipata utaniajiri?"

"Inshallah."

Waliokaa barazani walicheka, na kaka yangu naye alicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Tukishapinda kona ndipo huniuliza, "Walicheka nini?" Nami, ninayejivunia kuwa na neno sahihi kwa kila jambo, nilimwambia tuharakishe nyumbani.

Kaka yangu amenizidi umri, ana ndevu zilizoanza kuchanganyika na mvi, lakini hajui kusoma, na ukimwambia mambo matatu kwa mpigo hubaki na la mwisho. Alipokuwa mtoto alirudia darasa mpaka wenzake wakawa wadogo zake, kisha akaacha. Daktari mmoja alimweleza mama kwamba ana ugumu wa kujifunza, tangu tumboni. Mama akauliza dawa yake. Akaambiwa si ugonjwa. Mama alifurahi kusikia si ugonjwa, akarudi nyumbani akampikia wali wa nazi, na jambo likaishia hapo. Maneno ya mtaani ni mengine, na siyaandiki hapa.

Hakuna aliyesema kaka yangu asipewe kazi. Kila mtu alisema apewe, ila si kwake. Alipelekwa Kizingitini kwa mjomba wetu, kwenye banda la wanunuzi wa kamba wa baharini. Pale mashua zikiingia, watu wanne hutoa amri kwa pamoja: lete barafu, ondoa hicho, pima hawa, wewe umesimama nini? Yeye alikuwa akisimama na ndoo mkononi akisubiri wakubaliane. Alirudi nyumbani na mjomba akatuma salamu nyingi mno, na hapo tukajua. Baadaye tulivuka kwenda bara kwa mkandarasi aliyetaka vibarua. Msimamizi akampa karatasi ya maelekezo aisome kwa sauti. Kaka yangu akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima, akamrudishia.

Nilipokuwa nikitafuta kazi kwa niaba yake, mimi mwenyewe sikuwa imara. Niliishia kidato cha nne. Kompyuta nilijifunza peke yangu kwa video za mtandaoni, na sasa nina kijiduka cha kuchapa na kutengeneza maombi ya watu. Nafuta na kuandika upya sentensi ambazo mteja ameshazikubali. Nikifunga duka hurudi kusukuma mlango. Natoka, narudi tena. Siku zote naona kuna mtu anakaribia kugundua kwamba sina cheti cha haya ninayoyafanya. Kwa hiyo kaka yangu aliposema "sina kazi" mbele za watu, joto lilinipanda mimi.

Ndipo baba mdogo alipopendekeza Kililana. Ana shamba kule, mahindi na korosho, na ngedere wanamsumbua. Alitaka mtu wa kukaa shambani awafukuze. Mama hakupenda, lakini alikuwa amechoka, na magoti yake hayampandishi ngazi tena. "Akae huku barazani mpaka lini?" aliniuliza. Akasema tungoje kidogo; kazi isipopatikana, aende.

Nilimweleza kaka yangu. Alifikiri sana, akiparuza ukoko chini ya sufuria.

"Kule shamba kuna watu?"

"Baba mdogo huja wiki mara moja."

"Sasa nani ataniuliza habari?"

Nilidhani salamu ile inamtesa hata angependa kuikimbia. Kumbe hakutaka kuikimbia. Alitaka jibu.

Kazi ilitokea kwa mwanamke mmoja kutoka bara, mjane, aliyekuja hapa kwetu Amu na mumewe aliyekuwa polisi, akabaki. Alifungua duka la dobi nyuma ya soko, mashine mbili na kamba nyingi juu ya paa, akawa anafulia nyumba za wageni shuka, foronya na taulo. Nilikuwa nimemchapia bango lake, na nilikuwa nimelirudia bure kwa sababu herufi moja ilinikera. Alihitaji mtu wa kubeba. Mji wetu hauna magari; shuka hutoka dobi zikiwa kichwani au begani, zinapita katika vichochoro mpaka mlangoni kwa mtu.

"Ni mwaminifu?" aliniuliza.

"Sana."

"Anaelewa?"

Hapo nilisita. Nilikuwa nimeandaa jibu, lakini nilisema tu, "Akionyeshwa. Polepole, na jambo moja moja."

"Haya, alete hiyo polepole yake tuione. Mwezi mmoja."

Sijawahi kumfundisha mtu kama nilivyomfundisha kaka yangu mwezi ule. Nilitembea naye kila alfajiri kabla sijafungua duka, mimi na buibui langu mbele, yeye na mfuko mtupu nyuma. Nyumba ya kwanza ni yenye mlango uliopasuka juu. Ya pili ni yenye paka wengi. Ya tatu, ile iliyo mkabala na bibi anayechoma mikate ya mofa. Akikosea nilimrudisha mpaka dobi tuanze upya. Mama aliniambia namchosha. Nikamwambia lazima awe bila kasoro, kwa sababu yeye hatasamehewa kasoro ambayo mwingine angesamehewa. Bado naamini nilisema kweli. Ila nilikuwa pia nafanya kama ninavyofanya mlango wa duka.

Akaiweza. Alipenda sana kazi ya kukunja: shuka inashikwa na watu wawili, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenye dobi alikuwa akimtania. "Wewe bwana, unakunja kama unaozesha hizi shuka." Mfuko aliubeba begani, hakuuweka chini hata akisalimiwa. Mwenye punda akamwona siku ya kwanza akapiga ukelele, "Meneja, hizo nguo za nani umeiba?" na kaka yangu akajibu, "Za wageni. Ni amana," akapita. Sikuwahi kumwona akimpita mtu hapo kabla.

Sasa nieleze kosa lake, na lazima nieleze kwanza tulivyolelewa.

Mama alitufunza hodi kabla ya kutufunza kuhesabu. Unasimama pembeni ya mlango, si mbele yake. Unabisha hodi, unangoja. Unabisha ya pili, unangoja. Ya tatu usipojibiwa karibu, unageuka unakwenda zako, wala huchungulii. Mlango kuwa wazi si ruhusa. Nyumba ni sitara ya wenyewe. Na kitu cha mtu hakiachwi chini ndiani kama takataka; hupewa mtu mkononi. Hivi ndivyo anavyofunzwa kila mtoto wa mitaa yetu. Lakini wengine tunaijua kanuni na tunajua pia inapopindwa. Tunaita jina, tunakohoa, tunapiga simu, tunamtuma mtoto apenye. Hakuna aliyetufundisha kupinda. Tuliona tu wakubwa wanapinda. Kaka yangu hakuona. Alishika ile aliyoambiwa.

Na mimi, katika mafunzo yangu yote ya milango na paka, sikugusa hodi. Haikunijia kwamba hodi inahitaji somo.

Siku hiyo alipeleka shuka kwenye ile nyumba iliyo mkabala na bibi wa mikate. Mtunza nyumba alikuwa ametoka kwenda kumpokea mgeni wa nyumba nyingine gatini. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya paa walikuwa vijana wa Nairobi waliopanga nyumba nzima, na vitanda vyao vilikuwa vimevuliwa shuka tangu asubuhi. Mmoja wao aliniambia baadaye, bila ubaya wowote, "Tulimsikia mtu akisema hodi. Tukajua ataingia." Huko kwao mtu akisema hodi ndiyo anaingia. Wao juu walingoja aingie. Yeye chini alingoja aambiwe karibu. Akabisha ya tatu, akageuka, akarudi dobi na shuka zote, safi, zimekunjwa, akazipanga kwenye rafu alikozitoa. Mwenye dobi alikuwa juu ya paa akianika. Kaka yangu akaenda kuswali alasiri.

Magharibi ilipoingia wageni walikuta magodoro matupu. Mwenye nyumba akapiga simu, na kilio kikaanza. Ndipo ikajulikana pia kwamba wiki iliyotangulia taulo za nyumba nyingine zilirudi hivyo hivyo, na mwenye dobi alidhani ni yeye aliyesahau kuzitoa.

Nilifika dobi nikihema. Nilimkuta kaka yangu amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Si mlango ulikuwa wazi?" mwenye dobi alikuwa akiuliza.

"Ulikuwa wazi."

"Sasa si ungeingia tu?"

"Hakuna aliyesema karibu."

"Basi ungeziacha hapo mlangoni!"

"Ni amana, Bi."

"Amana gani! Watu wangu walale kwa godoro kavu kama wafungwa, wewe unaniambia amana!" Alinigeukia mimi. "Ulisema akionyeshwa anaelewa."

Akasema hana ubaya naye, lakini ile ndiyo nyumba yake kubwa, na akiipoteza atafunga mashine moja. Ijumaa iwe mwisho.

Tulipokaribia nyumbani kaka yangu alisimama. "Nimekosea wapi?" aliuliza. Nilitaka kumjibu kwa usahihi, kama ninavyopenda. Nilijaribu kuanza kila mahali: mlango, wageni, karibu. Kila nilipoanzia niliona hakukosea. Nikamwambia, "Siyui, kaka."

Usiku nilimwambia mama nitakwenda kumwomba yule mwanamke. "Nenda ukanene naye," mama alisema, "lakini usimlilie. Na nenda naye mwenyewe. Mambo ni yake."

Nilitunga hotuba. Ilikuwa na sehemu: malezi yetu, maana ya sitara, jinsi mtu mwenye ugumu wa kujifunza anavyoshika agizo moja kwa nguvu zote, na mpango wangu mpya wa kazi. Mpango huo ulikuwa na njia za kila hali: kama mtunza nyumba yupo, kama hayupo, kama mlango umefungwa, kama umefunguliwa na kuna sauti, kama hakuna sauti. Niliurudia kimoyomoyo mpaka dobi. Pale mbele ya mashine iliyokuwa ikinguruma, nilianza na sehemu ya tatu, nikarudi ya kwanza, nikasema neno "sitara" mara kadhaa.

Mwenye dobi alizima mashine. Hakunitazama mimi. "Na wewe," alimwambia kaka yangu, "mbona kila siku anasema dada yako? Wewe wasemaje?"

Kaka yangu alitazama rafu. "Nikiwacha kazi, nitajibu nini?"

"Utamjibu nani?"

"Watu. Wakiuliza habari za kazi."

"Utasema nzuri, kama sisi."

"Si nzuri kama haipo, Bi."

Yule mwanamke alitaka kucheka, lakini kicheko hakikumaliza safari. Akavuta kigoda akaketi. Alituambia mumewe alipofariki, watu waliokuja kumpa pole walimwuliza habari za nyumbani, naye akawajibu nzuri. Baadaye usiku alikasirika, si kwao bali kwa lile neno. Hakueleza zaidi. Akasugua magoti yake, akamwuliza kaka yangu swali ambalo mimi katika hotuba yangu nzima sikuliuliza:

"Mama yenu alisema usiache kitu chini. Sawa. Alisema umpe nani mkononi? Mwenyewe tu?"

Kaka yangu alifikiri. "Alisema mtu."

"Jirani ni mtu?"

"Ni mtu."

"Kwetu mwenyewe asipopatikana, mzigo hupewa jirani. Huku je?"

"Hata huku," alisema kaka yangu, kana kwamba anamfariji.

"Basi sikiza. Hodi zako tatu hizo, sikatazi. Usipojibiwa, geuka, lakini usirudi kwangu. Geukia mlango wa pili. Mpe jirani mkononi, umwambie ni za nyumba ile."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Na jirani asipojibu?"

Nilishtuka. Swali hilo lilikuwa langu, lilikuwa kwenye mpango wangu. Lakini mwenye dobi alisema tu, "Kuna yule bibi wa mikate. Umewahi kumkuta hayupo?" Kaka yangu akacheka kwa furaha, maana bibi yule hajawahi kukosekana pale tangu tuzaliwe.

Mwenye dobi hakumrudishia kazi yote. Nasema hili kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimeipamba habari. Nyumba moja, ile ya taulo, ilisema hawataki tena kumwona mlangoni kwao, na mwenye dobi hakuwa na nguvu ya kubishana nao. Huko huenda mtu mwingine. Kaka yangu alipewa nyumba tatu na siku tatu za wiki, na kukunja. Malipo yake hayatoshi mtu kujitegemea. Mama akifa leo sijui tutaishije, na jambo hilo nalifikiria nikiwa nasukuma mlango wa duka. Na najua mitaani kwetu wako wengine kama yeye ambao hakuna aliyezima mashine awasikilize. Nyumbani kwa jirani yetu yuko binti mzima ambaye kazi yake ni kukaa ndani, na mgeni akija huambiwa aende chumbani.

Lakini Kililana hakwenda. Baba mdogo alifuga mbwa.

Nilitaka kumfuata siku ya kwanza, nihakikishe. Mama akanikataza, nikafuata kwa mbali, nikijidanganya kwamba nakwenda kununua wino. Nilimwona amesimama pembeni ya mlango ulio wazi, mfuko begani. Alibisha, akangoja. Juu muziki ulikuwa unapigwa. Akabisha tena, akangoja. Ya tatu. Mimi niliyekuwa nyuma ya kona nilikuwa nimeshika ukuta kama mtu aliye kwenye mashua. Akageuka. Akavuka ile njia nyembamba mpaka kwa bibi wa mikate, akampa amana mkononi, naye bibi akafuta unga mikononi kwanza ndipo akapokea. Baadaye mtunza nyumba alikuja akazichukua. Hakuna aliyelala kwenye godoro tupu.

Wiki chache baadaye tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja, mfuko wake ukiwa mtupu, tukakutana na mwenye punda kwenye kichochoro chembamba, punda mbele na saruji mgongoni.

"Meneja!" alipiga kelele, na wa barazani wakageuza vichwa wakisubiri. "Habari za kazi?"

Kaka yangu alisimama. Akauweka mfuko chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaukunja vizuri, akauweka chini ya kwapa.

"Leo," alisema, "nilianza nyumba ya mlango uliopasuka. Nikabisha hodi. Wakajibu. Wakaniambia karibu, nikaingia mpaka ukumbini. Nikawapa shuka nne. Kisha nikaenda nyumba ya paka. Nikabisha hodi..."

Mwenye punda alitazama barazani akitafuta kicheko, lakini barazani walikuwa wanasikiliza kujua kama nyumba ya paka walijibu. Punda hakungoja. Aliendelea na saruji yake, akapinda kona peke yake.

"Nikawapa taulo na foronya," kaka yangu alikuwa anasema, "na shuka nne."

"Tano," nilisema. Niliziona zikikunjwa. Neno lilinitoka kabla sijalizuia.

Kaka yangu alinitazama, akakubali kwa kichwa. Kisha, kama tulivyofundishwa chuoni mtu akikosea aya, akarudi mwanzo kabisa.

"Leo nilianza nyumba ya mlango uliopasuka. Nikabisha hodi..."

"Bwana, punda wangu!" alilia mwenye punda.

"Ngoja," alisema kaka yangu. "Umeniuliza."